Mji Ulioivuta Treni

Leo nakupeleka Galesburg, mji wa watu elfu thelathini hivi katika jimbo la Illinois, katikati ya Marekani. Naanza na kitendawili: mji huu ulikuwa na reli miaka zaidi ya kumi kabla halijalazwa taruma la kwanza. Abiria walifika, wakapokewa, wakalishwa, wakaendelea na safari. Stesheni zilikuwepo, makondakta walikuwepo. Kilichokosekana ni chuma na moshi tu. Kitegue ukiweza, ukishindwa nipe mji, nami nitakitegua baada ya kitambo kidogo. Kwanza tuutazame mji wenyewe ulivyokaa.

Chukua ramani ya Marekani, tia kidole kwenye jiji la Chicago, kando ya Ziwa Michigan. Kisha teremsha kidole kuelekea kusini-magharibi, kiasi cha kilomita 260. Ukiwa umebakiza kama kilomita 70 kuufikia mto Mississippi, hapo ndipo Galesburg. Upande wa mashariki, kilomita 80 hivi, upo mji wa Peoria, kwenye ukingo wa mto Illinois. Kwa hiyo Galesburg umekaa baina ya mito miwili mikubwa, na haukuugusa hata mmoja. Hauna bandari, hauna mlima, hauna maporomoko ya kuzungusha kinu. Una uwanda. Ni ardhi nyeusi tambarare, mahindi na soya mpaka macho yachoke.

Nalisema hili kwa sababu katika miaka ya 1830 mji wa Marekani ulihitaji maji ya kupitisha mashua, la sivyo haukuwa na la kutazamia. Tena walowezi wa kwanza waliuogopa uwanda. Walijibanza kwenye vichaka vya miti, maana mti ulikuwa nyumba, ua na kuni. Na ardhi isiyoota miti waliidhania haina rutuba. Majani yake yalikuwa marefu kuliko mtu, mizizi imefumana kama mkeka. Plau za kawaida ziligandwa na ule udongo mzito, mkulima akawa anasimama kila baada ya hatua chache kuukwangua. Ni mwaka 1837 tu, katika jimbo hilohilo la Illinois, ndipo mhunzi aitwaye John Deere alipotengeneza plau ya chuma cha pua kilichosuguliwa kikang'aa, udongo ukawa unateleza wenyewe.

Lakini tusije tukadanganyana kwamba uwanda ule ulikuwa mtupu. Wasauk, Wameskwaki, Wapotawatomi na wengine waliishi, walilima na kuwinda katika nchi hiyo. Mwaka 1832 mzee wa Kisauk aliyeitwa Black Hawk aliwaongoza watu wake kuvuka Mississippi kurudi kwao, wakapigwa, na wenyeji wote wakasukumwa magharibi. Ardhi ikawa ya serikali, na serikali ikaiuza kwa dola 1 na senti 25 kwa ekari. Nakuomba uishike bei hiyo, kwa kuwa mji wote umejengwa juu yake.

Aliyeishika kabla yetu ni George Washington Gale, mchungaji wa Kipresbiteri kutoka jimbo la New York. Alitaka chuo. Alitaka vijana maskini wasome kwa kulipia karo yao kwa kazi za mikono. Hesabu yake ilikuwa ya muuza duka: tununue ardhi ya serikali kwa dola 1 na senti 25, tuwauzie waumini wenzetu kwa dola 5, na faida ijenge chuo. Familia za kwanza zilifika mwaka 1836, zikajibanza msituni katika kijiji cha vibanda vya magogo huku mitaa ikipimwa uwandani. Februari 1837 chuo kikapata hati yake. Leo kinaitwa Knox College. Katika hati za viwanja yaliandikwa masharti, mojawapo likiwa kwamba pombe haitatengenezwa wala kuuzwa.

Kwetu Afrika Mashariki tumezoea hadithi ya upande wa pili. Nairobi ilikuwa kambi ya reli mwaka 1899. Treni ilitangulia, mji ukafuata. Galesburg ulikuja kwa ajili ya shule na sala. Treni haikuwemo kabisa katika hesabu za mchungaji.

Sasa nategua kitendawili. Watu wa Gale hawakuchukia pombe peke yake. Walichukia utumwa kuliko pombe, na mwaka huohuo wa 1837 walianzisha chama cha kuupinga. Kusini mwao, ng'ambo ya mpaka wa Illinois, lilikuwa jimbo la Missouri, nchi ya watumwa. Aliyetoroka huko alitembea usiku akielekea kaskazini, na njiani zilikuwepo nyumba za kumficha mchana, kumlisha na kumpeleka kwenye nyumba inayofuata, hadi Canada. Wamarekani waliuita mtandao huo kwa jina ambalo sisi tungesema Reli ya Chini kwa Chini. Nyumba ya kujificha iliitwa stesheni. Msindikizaji aliitwa kondakta. Galesburg ulikuwa miongoni mwa stesheni mashuhuri za Illinois, wakati hakuna hata mtoto wa mji ule aliyewahi kusikia honi ya garimoshi pale.

Msikilizaji, nikuonyeshe abiria mmoja. Mwaka 1842 mwanamke mmoja, Susan Richardson, alitoroka shamba moja kusini ya Illinois pamoja na watoto wake. Ndiyo, Illinois yenyewe, jimbo lililojiita huru. Maana sheria zake bado ziliruhusu mtu mweusi kufungwa kwa mkataba wa utumishi uliofanana na utumwa kama pacha na pacha. Alipofika maeneo ya Galesburg alikamatwa, akatiwa jela ya Knoxville. Ukumbuke jina hilo pia. Knoxville ndio uliokuwa mji mkuu wa kaunti, kilomita 8 tu mashariki ya Galesburg, wenye mahakama na gereza. Bwana shamba akaja, akawachukua watoto. Mama akabaki na chaguo ambalo halimfai mzazi yeyote: kuwafuata wanawe kifungoni, au kuwa huru bila wao.

Alibaki. Alihamia Galesburg, akafua nguo za watu kwa ujira, akawa miongoni mwa waasisi wa Allen Chapel, kanisa la Kimethodisti la watu weusi wa mji huo. Watoro waliokuja baada yake alikuwa miongoni mwa wapokezi wao. Mji ukamwita Shangazi Sukey. Na ile shule ya mchungaji nayo ilifungua mlango. Katika miaka ya 1850 alisoma pale Hiram Revels, ambaye mwaka 1870 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuingia Baraza la Seneti la Marekani. Mwaka huohuo wa 1870 alihitimu hapo Barnabas Root, kijana aliyezaliwa Sierra Leone.

Hiyo ndiyo reli ya kwanza ya Galesburg. Tuje kwenye reli ya pili, hii ya chuma.

Kufikia mwaka 1850 wakulima wa uwanda walikuwa wamevuna wakashiba, na hapo ndipo tabu ilipoanzia. Ngano ikishakuwa nyingi inataka soko, na soko lilikuwa mbali. Mkokoteni ulikokotwa na ng'ombe kwenye tope hadi kwenye mto, safari ya siku kadhaa, na majira ya baridi mto uliganda. Kisha zikaja habari kwamba itajengwa reli kutoka Peoria hadi Oquawka, kijiji kilichoko kwenye Mississippi. Njia ingepita Knoxville, mji mkuu. Galesburg ungebaki pembeni, ukisikia honi kwa mbali.

Walikuwa na hiari ya kulalamika. Walikuwa na hiari ya kuhamia Knoxville. Badala yake wakatafuta reli yao. Muuza duka mmoja, Chauncey Colton, pamoja na wenzake walipata hati ya kampuni mwaka 1851, wakaiita Central Military Tract, kwa jina la ardhi ile ambayo serikali iliwahi kuwagawia askari wa vita vya mwaka 1812. Kampuni ilikuwa na hati tu. Haikuwa na fedha. Hapo Colton akasafiri kwenda Boston kununua bidhaa za duka lake, na hotelini akakutana na watu wawili wenye haja kama yake: mmoja mfanyabiashara wa Chicago, mwingine James Grimes wa Burlington, mji wa Iowa ulioko ng'ambo ya Mississippi. Wote watatu walitaka njia moja, Chicago hadi Burlington. Ukipiga mstari baina ya miji hiyo miwili, Galesburg umo njiani.

Wenye mitaji wa mashariki, akina John Murray Forbes na James Joy, walikubali kuingiza fedha kwa sharti moja: wenyeji nao waonyeshe zao. Mkono mtupu haulambwi. Wakulima wakanunua hisa, wengine kwa kuyaweka rehani mashamba yao. Michango ilipopungua, Colton na mfanyabiashara mwenziwe, Silas Willard, wakaliziba pengo kwa jina na mali yao. Desemba 1854 treni ya kwanza ikaingia Galesburg. Kitambo kidogo baadaye reli hiyo ikachukua jina refu lililodumu zaidi ya miaka mia moja: Chicago, Burlington na Quincy. Watu wa reli waliikatiza wakaiita kwa herufi moja tu, Q.

Ile reli ya Peoria nayo ilijengwa, ikapita Knoxville, lakini ikaja kuungana na hii hapo Galesburg. Makutano ni kitu kingine kabisa. Mji ulio njiani huiona treni ikipita. Mji wa makutano huiona ikisimama, ikikatwa, ikiungwa upya, ikijazwa maji na makaa, dereva akibadilishwa. Kila kitendo katika hivyo ni kazi ya mtu, na kila kazi ni mshahara, na mshahara ni duka, na duka ni mtaa. Mwaka 1873 makao makuu ya kaunti yakahamishwa kutoka Knoxville hadi Galesburg. Haikupigwa risasi hata moja. Ni treni tu iliyopiga kura.

Hapa pana kisa ambacho watu wa Galesburg wanapenda kukisimulia. Rais wa chuo treni ilipoanza kuingia alikuwa Jonathan Blanchard, mchungaji mkali, mpinga utumwa wa kutisha, mtu asiyerudi nyuma. Kwake Jumapili ni ya Mungu, hakuna kazi. Kampuni ikatangaza treni ya Jumapili. Blanchard akavaa koti lake, akaenda stesheni, akasimama kwenye ukumbi wa abiria, akamwamuru mfanyakazi wa treni airudishe injini bandani. Inasemekana yule bwana alimtazama juu hadi chini, akamwambia aende jehanamu na ashughulike na mambo yake. Yeye atafuata amri ya kampuni. Kisha treni ikaondoka, mchungaji akabaki na moshi.

Kisa hiki huchekesha, lakini ndani yake limo jambo zima la leo. Miaka michache nyuma watu haohao waliipigania treni ije. Waliichangia, waliiwekea mashamba rehani, waliipangia njia. Ilipofika wakadhani ni yao. Kumbe mji unaweza kuivuta treni kwa nguvu zake zote, na treni isimsikilize mtu wa mji ule hata mmoja. Inamsikiliza mwenye kampuni, aliye Boston au Chicago, ambaye huenda hajawahi kukanyaga tope la Galesburg.

Faida ilikuwepo, tena kubwa. Tarehe 7 Oktoba 1858 Abraham Lincoln na Stephen Douglas, waliokuwa wakigombea useneta wa Illinois, walifanya mdahalo wao wa tano pale chuoni. Maelfu kwa maelfu ya watu walikuja, wengine kwa mikokoteni, wengine kwa treni maalumu. Upepo ulikuwa mkali, jukwaa likajengwa upande wa mashariki wa jengo kuu ili ukuta uwakinge, na wazungumzaji wakalifikia kwa kupenya dirishani. Lincoln, aliyesoma shule kwa vipande vipande, anasimuliwa kuwa alitania kwamba hatimaye naye amepitia chuo. Jengo hilo lingalipo. Ndilo pekee lililosalia kati ya yale yaliyokuwepo kwenye midahalo yao saba.

Sasa tuingie karakana. Reli ilihitaji mikono, na mikono mingi ilitoka Uswidi. Miongoni mwa hao alikuwa August, msaidizi wa mhunzi katika karakana za Q: saa kumi kwa siku, siku sita kwa juma, kazi yake kupiga nyundo. Alipofika aliitwa August Johnson. Lakini inasimuliwa kwamba katika orodha ya mishahara ya reli akina August Johnson walikuwa wengi mno, malipo yakawa yanaangukia mikono isiyo yake. Akabadili jina, akajiita Sandburg. Hebu fikiria hilo kidogo: mtu amevuka bahari na jina la baba yake, akalitua kwenye dirisha la mshika fedha.

Tarehe 6 Januari 1878, katika kibanda chake cha vyumba vitatu karibu na njia ya reli, alizaliwa mwanawe Carl. Carl Sandburg alikuja kuwa mshairi mashuhuri wa Marekani, akaandika maisha ya Lincoln kwa mijalada sita, akapata tuzo ya Pulitzer kwa mijalada minne ya mwisho ya historia hiyo mwaka 1940 na kwa mashairi yake mwaka 1951. Alipokuwa na miaka kumi, tarehe 27 Februari 1888, madereva na wachochezi wa moto wa treni za Q waligoma. Kampuni ikaleta wengine kuchukua nafasi zao. Mji ukagawanyika, majirani wakanuniana, watoto wakarithi ugomvi wa baba zao. Mgomo uliburutwa karibu mwaka mzima, na wafanyakazi wakashindwa. Jibu alilopewa Blanchard kwa maneno, hawa walipewa kwa njaa.

Wakati mgomo ukiendelea, reli kubwa ya pili ilikuwa ikikamilisha njia yake. Kampuni ya Santa Fe ilijenga kutoka Kansas City kwenda Chicago, ikafika huko mwaka 1888. Wakubwa wa Galesburg, wakikumbuka somo la Colton, walihangaika tena kuhakikisha njia inapita kwao, na ikapita. Mji usio na mto ukawa na reli mbili kuu za kuelekea magharibi.

Ukitaka kuelewa kazi ya mji huu, simama kando ya yadi yake. Pana kilima kidogo kilichotengenezwa na watu. Injini inausukuma msururu wa mabehewa kukipanda, taratibu, mwendo wa mtu anayetembea. Behewa likifika kileleni linafunguliwa. Halina injini, halina dereva. Linateremka lenyewe kwa uzito wake. Mbele yake njia inagawanyika, na vigeuzi vya reli vinalielekeza: hili la mahindi kwenye njia hii, lile la mbao kwenye njia ile. Likienda kasi mno, vibanio vilivyofungwa kwenye reli vinayakamata magurudumu, na hapo hutoka mlio mwembamba mkali, kama kisu juu ya sahani. Kisha, mbali kidogo, kishindo: behewa limegonga lenzake na kushikana. Mlio na kishindo, mlio na kishindo, usiku kucha. Wageni hawalali. Wenyeji hushtuka yadi ikinyamaza.

Lakini angalia riziki ya mji ilitegemea nini. Injini ya mvuke ni kama ng'ombe: lazima inywe, lazima ile, lazima itolewe majivu. Kila baada ya kilomita mia moja na kitu ilibidi isimame, na iliposimama mji ulikula. Mwaka 1934 kampuni ya Q ilitoa treni mpya ya chuma cha pua iliyoendeshwa kwa dizeli, ikaiita Zephyr. Tarehe 26 Mei ilikimbia kutoka Denver hadi Chicago, kilomita 1,633, kwa saa 13 na dakika 5, bila kusimama. Watu walijipanga kandokando ya njia kuishangilia. Ilipita Galesburg kama umeme, mji ukapiga makofi. Ni nadra mtu kushangilia kitu kinachomwondolea ugali. Injini ya dizeli haikuhitaji kisima wala rundo la makaa kila kituo, haikuhitaji wahunzi mia kadhaa na nyundo zao. Vita vikuu vilipokwisha, mvuke ukafa, na kazi za akina August nazo zikaenda.

Makampuni nayo yakamezana. Mwaka 1970 Q ilimezwa ikawa Burlington Northern. Katikati ya miaka ya 1990 Burlington Northern na Santa Fe, zile reli mbili ambazo mji ulizivuta kila moja kwa wakati wake, zikawa kampuni moja, BNSF. Tangu mwaka 2010 mwenye BNSF ni kampuni ya Berkshire Hathaway, makao yake Omaha. Yadi ya Galesburg ingalipo, tena kubwa, lakini mwenye uamuzi yuko mbali kama zamani.

Mji ulikuwa umepata mhimili mwingine: kiwanda cha majokofu cha Maytag. Oktoba 2002 kampuni ilitangaza kwamba inakifunga na kuhamishia kazi Reynosa, Mexico. Septemba 2004 mlango ukafungwa, watu wapatao 1,600 wakakosa kazi. Hii si hadithi ya mji uliokosa usafiri. Galesburg ulikuwa na reli za pande zote, njia ambazo nchi nyingi zingezililia. Hazikukizuia kiwanda.

Julai 2004, miezi miwili kabla ya kufungwa, kijana mmoja mgombea useneta alipanda jukwaani mbele ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic. Alianza kwa kumtaja baba yake, mwana wa Kenya aliyekulia kijijini akichunga mbuzi. Kisha akawataja wafanyakazi wa Galesburg waliokuwa wakipoteza kazi zao Maytag. Jina lake Barack Obama, na jiji alilosimama ni Boston, kulekule alikokwenda Colton miaka mia na hamsini hivi kabla. Mwaka uliofuata alikwenda Knox College kuwahutubia wahitimu, na Julai 2013, akiwa rais wa nchi, akarudi palepale kuzungumzia uchumi. Kwa nini pale? Kwa sababu Galesburg ulikuwa umeshakuwa jina la maumivu ambayo miji mingi ya Marekani iliyajua.

Leo mji una watu pungufu kuliko mwaka 1960, walipozidi 37,000. Ukiufikia, utaufikia kwa treni ukipenda: ile iendayo California kwa njia ya Denver, ile ya Los Angeles kwa njia ya Kansas City, na zile za Chicago na Quincy, mojawapo ikiitwa Carl Sandburg. Karibu na stesheni utaiona injini ya mvuke namba 3006, imeegeshwa, haiendi popote, watoto wanaikwea. Teremka mitaani utazame chini ya viatu: mitaa kadhaa imetandikwa matofali ya udongo uliochomwa palepale jirani, kila moja limepigwa chapa ya Purington, kiwanda kilichokwisha siku nyingi. Nenda Mtaa wa Third, upande wa mashariki, ukaone kile kibanda cha vyumba vitatu. Nyuma yake, chini ya jiwe, yamezikwa majivu ya mshairi, aliyefariki mwaka 1967. Alitembea dunia, akaomba arudishwe kando ya reli.

Sasa hukumu yangu, msikilizaji. Tumezoea kusema kwamba reli huleta maendeleo, kana kwamba maendeleo ni mzigo uliomo behewani. Galesburg unanifundisha vingine. Mchungaji Gale na watu wake walikuwa na shule kabla ya treni, walikuwa na msimamo juu ya utumwa kabla ya treni, walikuwa na desturi ya kuchanga kabla ya treni. Ndiyo maana waliweza kuivuta. Treni iliukuza mji, kisha ikauacha ujitegemee, ikapita bila kuaga. Karakana zilikwenda, Maytag ikaenda. Kilichobaki ni kile ambacho hakipakiki behewani: chuo kilichosimama juu ya ardhi ya dola 1 na senti 25, kanisa alilolisaidia mfuaji nguo kulianzisha, na watu waliokataa kuhama. Mji unaosubiri reli ije kuufanya mji hujenga stesheni tu.

Na Knoxville je? Mahakama yake ya zamani, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1830, ingali imesimama, nguzo zake mbele, imetunzwa vizuri, na wageni huitembelea. Kesi husikilizwa Galesburg. Treni ya abiria haisimami Knoxville.